Matairi ya Tororo

Wanaume tisa walilisukuma gari la Muniru hadi uani kwake Jumanne alasiri, na mwenyewe hakuwamo. Alikuwa kituoni, amevuliwa mkanda na viatu. Kituo cha polisi cha Busia, mwaka ule wa sitini na sita, kilikuwa vyumba viwili na mlingoti wa bendera. Hakikuwa na mahali pa kuweka hata baiskeli iliyokamatwa, kwa hiyo koplo aliamua kwamba Pijo ile ya mizigo ikae kwa mwenyewe mpaka mkaguzi wa magari aje kutoka Tororo. Alimwacha konstebo mmoja, Elungat, ailinde, kisha akamsomea Fauziya, mke wa Muniru, amri kwa sauti ya kutosha majirani wote kusikia.

"Mama, hii gari haiendi mahali. Haiwashwi, haisukumwi. Mkaguzi nakuja siku ya Alhamisi. Akikuta imetembea, wewe nalala ndani pamoja na bwana yako. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Sema tena."

"Haiwashwi, haisukumwi," Fauziya akasema, na watoto wake watatu wakiwa wamesimama mlangoni wakimtazama mama yao akikaririshwa mbele ya watu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Muniru alikuwa akitoka Lumino na magunia ya mihogo mikavu. Alipofika Dabani, mtu mmoja aitwaye Luke alichomoka na baiskeli kwenye kijia cha mashamba ya pamba, gunia nyuma, kichwa ameinamisha. Muniru alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Magurudumu yakakwama, gari likaburutika barabarani hatua ishirini na mbili. Muniru mwenyewe alizihesabu baadaye. Likamfikia hata hivyo. Luke alikata roho kabla Muniru hajampata mtu wa kusaidia kumpakia garini. Jioni ile mvua ikanyesha, na kulipokucha barabara ya Dabani haikuwa na alama hata moja.

Kwa hiyo mambo yote yakabaki kwenye karatasi ya mkaguzi. Akiandika kwamba gari lilikuwa zima, basi ile ilikuwa ajali na Muniru angerudi kwake. Akiandika kwamba lilikuwa bovu, Muniru angehesabiwa muuaji na angefungwa. Koplo alimweleza Fauziya hivyo bila kuficha, huku akivaa kofia yake, na Fauziya alimshukuru kwa kumweleza. Watu wadogo hushukuru hata wakitishwa.

Asubuhi ya Jumatano alipeleka uji na mkate kituoni. Hakuruhusiwa kumwona mumewe. Askari wa zamu aliuvunja mkate vipande vipande kutafuta asichokijua, akaonja uji kwa kijiko chake mwenyewe mara tatu, kisha akaupitisha ndani.

"Niseme naye neno moja tu, baba. Mbele yako."

"Neno gani?"

"Nimuulize habari ya gari. Nifanye nini mkaguzi akija."

"Wewe ni dereva?"

"Hapana."

"Basi habari ya gari nakuhusu nini? Nenda nyumbani."

Neno hilo moja lingetosha. Lakini serikali ya kituo kile iliona ni hatari mke kuzungumza na mume, na Fauziya akarudi na bakuli lake tupu.

Alipofika nyumbani alipima vibaba vinne vya unga, akaongeza sukari, akamtuma jirani apeleke Dabani kwa mjane wa Luke, Syprose. Yeye mwenyewe aliogopa kwenda, na aliona haya kutokwenda. Kabla ya adhuhuri jirani alirudi na mzigo uleule, fundo halijafunguliwa. "Anasema wana unga," jirani akasema. Fauziya aliuweka ule unga pembeni, na siku nyingi zilipita kabla hajaweza kuupika.

*

Swaliki alikuja saa nane mchana na mkokoteni, na juu ya mkokoteni kulikuwa na matairi manne yaliyofunikwa magunia.

Hapa inabidi kueleza desturi ya wenye magari wa Busia, maana si kila mtu anaijua. Walikuwapo watu watatu wenye Pijo za namna moja: Swaliki, Muniru, na Osborn. Kila mwaka gari la mizigo lilipaswa kufika Tororo kukaguliwa, na kitu cha kwanza mkaguzi alichokitazama kilikuwa matairi. Sasa barabara zile za mawe zilikuwa zikila mpira kuliko fisi alavyo mifupa, na mwenye gari angetoa wapi matairi mapya kila mwaka? Basi wale watatu walichanga, wakanunua matairi manne mazuri pamoja na vyuma vyake, wakayaweka ghalani kwa Swaliki. Yakaitwa matairi ya Tororo. Siku ya kukaguliwa, mwenye zamu aliyavaa, akaenda, akapita, akarudi, akayavua. Hakuna aliyeona kwamba anaiba. Waliona wamevaa nguo ya kuazima kwenda harusini, basi.

Na ilikuwapo kanuni moja kati yao: matairi yaliyovuliwa hayalali kwenye ua wa mwenye gari. Yanaondolewa saa ileile, mkaguzi asije akapita kwa bahati mbaya akayaona nyuma ya choo na kuelewa mambo.

"Nimekuletea," Swaliki akasema. "Muniru angekuwapo ningempa mkononi. Hayupo, nakupa wewe."

Fauziya alilitazama gari. Alikuwa amelizunguka mara nyingi tangu jana. Taa moja ilikuwa imevunjika. Lakini kilichomnyima usingizi ni tairi za mbele. Kila moja ilikuwa na upande mmoja uliokwaruzwa vibaya, mpira umechunika na kubaki na baka bapa la upana wa kiganja, pamoja na mikwaruzo ya mawe. Kwingine kote zilikuwa na meno yake mazuri. Kwenye lile baka zilitisha.

"Hizi zimeharibika, shemeji Swaliki," akasema. "Tazama. Mtu akiona hivi si atasema tulikuwa tunaendesha gari bovu?"

Swaliki aliinama, akapapasa. Alikuwa dereva wa miaka kumi na tano na alipaswa kujua alichokuwa anakipapasa. Lakini miaka yote hiyo alikuwa amejifunza kitu kimoja juu ya wakaguzi, nacho ni kuwaonyesha kizuri.

"Atasema," akajibu. "Wale wanatafuta sababu. Ukimwonyesha baka hili umemfunga mumeo wewe mwenyewe."

"Na koplo amesema gari lisiguswe?"

"Amesemaje hasa?"

"Lisiwashwe, lisisukumwe."

"Tunaliwasha?"

"Hapana."

"Tunalisukuma? Tunaliinua tu kidogo, tunaliteremsha palepale."

Fauziya alimgeukia konstebo Elungat, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kando ya jiko akila ugali wa nyumba ile kwa mara ya tatu tangu jana. Alikuwa kijana mpole kutoka upande wa Malaba, na tangu jana alikuwa amemsaidia Hasifa, binti mkubwa wa Fauziya, kuteka maji. "Baba Elungat, unasemaje?"

Elungat alimeza tonge. "Mimi naambiwa nalinda gari isitoroke. Sasa gari haina tairi itatoroka namna gani?" Akacheka, na wote wakacheka naye, hata Fauziya, ambaye hakuwa amecheka tangu jana. Kisha konstebo akanawa, akavua shati lake la kazi lisichafuke, akashika jeki. Yeye ndiye aliyeinua gari. Jua lilikuwa juu, kila mpita njia aliona, na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu neno ukaguzi kwa watu wale lilikuwa na maana moja tu tangu walipolijua.

Hata saa moja haikwisha. Matairi ya Muniru yakapakiwa mkokotenini, yakaondoka chini ya magunia yaleyale. Fauziya akalifuta gari vumbi, akasugua vioo, akapangusa usukani kwa kitambaa chenye mafuta. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja, na yeye alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo mgeni hakuti ua haujafagiwa. Alilala kidogo siku ile, na akalala akiwa na matumaini. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

*

Mkaguzi Ariokot alishuka kutoka Landrova ya serikali saa nne asubuhi, kaptula imepigwa pasi, mkononi ubao wenye karatasi. Koplo alikuja naye. Fauziya alikuwa ameandaa chai ya maziwa na mandazi, na Ariokot, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikunywa kikombe kizima akiwa amesimama.

Alianza na breki. Akaingia, akakanyaga, akatoka, akalala chini ya gari juu ya gunia, akainuka akiandika. Akatikisa usukani. Akajaribu taa iliyobaki. Fauziya alikuwa akimsoma uso kama anayesubiri jibu la daktari, na uso ulikuwa mzuri. "Breki nashika," Ariokot alimwambia koplo. "Vizuri sana."

Kisha akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akaupapasa mpira polepole. Akaenda la pili. Akazunguka yote manne, akirudisha mkono palepale kila mara, kwenye mzunguko wa mpira, akitafuta kitu. Mwishoni akasimama mbele ya lile la nyuma upande wa kulia na kuweka kidole kwenye kovu dogo lililozibwa.

"Hii tairi najua mimi," akasema polepole. "Mwezi wa pili imekuja Tororo na gari ya Swaliki. Mwaka jana imekuja na gari ya Osborn. Mwaka juzi imekuja na hii hapa. Mama, nyinyi nafikiri mimi ni kipofu?"

Fauziya alilitazama lile kovu.

"Mimi nilikuwa naona. Nasema, wacha, watu maskini, natafuta mkate, nafumba macho, naandika. Lakini leo kuna maiti, mama! Leo siwezi fumba." Akageuka. "Tairi za hii gari ziko wapi?"

"Zipo, bwana mkubwa. Zilikuwa zimechubuka. Upande mmoja zote mbili za mbele, mpira umetoka hivi." Akaonyesha kiganja chake. "Nikaona aibu kukuonyesha."

Ariokot alikitazama kile kiganja. Alivua kofia akajipangusa jasho, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Upande mmoja?"

"Ndiyo, bwana."

"Na kwingine?"

"Kwingine zilikuwa nzuri. Zilikuwa na meno."

"Mama, hiyo ndiyo nilikuwa natafuta. Hiyo baka. Dereva akikanyaga breki na breki ikashika, gurudumu nakataa kuzunguka. Tairi naburutwa mahali pamoja, naliwa mahali pamoja. Hiyo baka ndiyo nasema huyu mtu alikanyaga, breki ilishika, tairi ilikuwa nzima, alifanya yote binadamu anaweza. Mvua imefuta barabara. Ilikuwa imebaki hiyo tu."

Pale uani palikuwa na kuku wawili wakiparua, na kila mtu aliwatazama wale kuku.

"Nitazileta," Fauziya akasema. "Zipo kwa Swaliki, hapo tu, nitazileta sasa hivi." Na mwanamke yule mwenye miaka thelathini na minne, mke wa mtu, alitoka mbio barabarani na kanga moja, viatu ameviacha, mbele ya maduka yote ya Busia.

Swaliki hakuwapo. Mkewe alisema ameondoka alfajiri na mzigo wa chumvi kwenda Bungoma. Na matairi? Mke wa Swaliki alishangaa kuulizwa. Si ameyavaa? Yake yalikuwa yamekwisha, na ya Muniru yalikuwa na nguvu bado, sasa yakae bure ghalani kwa nini?

Aliporudi alimkuta Ariokot anaandika juu ya boneti la Landrova. Alimweleza akihema. Alisema Swaliki atarudi kesho, ataleta, wote wataapa.

"Kesho zimekwenda Bungoma na kurudi na mzigo. Hiyo baka imelika sawa na kwingine. Na hata isilike, zimetoka mikono ya mtu mwingine, gari ya mtu mwingine. Nitaandika nini? Mama mmoja ameniambia?"

"Lakini breki umeziona mwenyewe! Umesema zinashika."

"Leo nashika. Mtu amebadilisha tairi nne, nitajuaje hajabadilisha breki?"

Hapo Fauziya akashika kitu cha mwisho alichokuwa nacho. "Muulize konstebo. Alikuwapo wakati wote. Yeye ndiye aliyeshika jeki. Atakwambia tumegusa matairi tu."

Koplo alimgeukia Elungat taratibu. Yule kijana alikuwa amesimama wima, shati lake safi, vifungo vyote vimefungwa.

"Konstebo. Umeshika jeki?"

"Hapana, afande."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kula, afande. Mimi sikuona kitu."

"Ulikula wapi?"

Elungat alisita, na hakumtazama Fauziya. "Sokoni, afande."

Sufuria yake ya asubuhi ilikuwa bado pale jikoni, haijaoshwa. Hasifa, aliyekuwa na miaka kumi na moja na ambaye alikuwa amefundishwa kutosema uongo, alifungua mdomo, na mama yake akauziba kwa kiganja. Fauziya alielewa kwamba kijana yule alikuwa na mama yake mahali fulani, na mshahara mmoja. Alielewa, na alimchukia kwa moyo wake wote.

*

Kesi ilisikilizwa Tororo wiki tano baadaye. Hakimu alisema Kiingereza, mkalimani akageuza, na kila neno lilifika kwa Fauziya limechelewa. Syprose alikaa benchi la mbele na nguo nyeusi. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Ariokot alisoma karatasi yake. Hakuongeza wala kupunguza. Alisema gari lilichezewa kabla ya ukaguzi, kwa hiyo hawezi kueleza lilikuwa katika hali gani saa ya ajali. Mwendesha mashtaka alisema watu hawafichi matairi mazima. Elungat akaapa, akarudia habari ya sokoni, safari hii bila kusita. Swaliki alikuwa na safari nyingi upande wa Kenya siku zile na hakuonekana.

Kisha hakimu akamtazama Muniru kizimbani. Alikuwa amekonda, na walimrudishia viatu bila kamba.

"Taarifa inasema mkeo ndiye aliyeamuru matairi yabadilishwe," mkalimani akageuza. "Kuharibu ushahidi ni kosa, na adhabu yake ni kifungo. Mkeo yupo mahakamani?"

Fauziya alikuwa amejiandaa kwa hili. Kwa wiki tano alikuwa amelala na kuamka nalo. Angesimama, angesema: ni mimi, nilifanya kwa ujinga, mume wangu hakujua lolote, matairi yake yalikuwa mazima. Alikuwa ameyapanga maneno hayo mpaka yakawa laini mdomoni. Akashika benchi kwa mikono miwili ili ainuke.

"Mke wangu hajui tairi wala breki," Muniru akasema. "Ni mimi nilimwagiza."

"Uliyekuwa kizuizini?"

"Nilimtumia neno na mtu. Simtaji. Nilimwambia abadilishe. Yeye alitii tu."

"Kwa nini ulitaka yabadilishwe?"

Muniru alimtazama hakimu. Kila mtu mle ndani alijua jibu litakalomfunga, na yeye alilijua kabla yao.

"Kwa sababu yalikuwa mabovu," akasema. "Nilijua yalikuwa mabovu."

Syprose aliinama akafunika uso. Fauziya alikuwa nusu amesimama, magoti yamekunjwa, maneno yote mdomoni. Akawaona akilini watoto wake watatu nyumbani kwa jirani, jiko baridi, Hasifa akiwagawia wadogo zake asichokuwa nacho. Akakaa. Hakuna aliyemwambia akae. Alikaa mwenyewe, na tangu saa ile hakujua tena kama yeye ni mama mwema au mke mwoga, na hakupata mtu wa kumwamulia.

Miaka mitatu, hakimu akasema. Mkalimani akageuza na hilo, ingawa kila mtu alikuwa ameshaona vidole vitatu alivyoinua karani.

Waliwaruhusu dakika chache kwenye ujia, askari katikati. Fauziya alikuwa akilia na kutaka kuushika mkono wake, na Muniru aliuweka nyuma.

"Mungu akulipe," akasema Fauziya. "Umeniokoa. Muniru, umeniokoa na—"

"Matairi yale niliyanunua yakiwa mapya wiki ya Idi," Muniru akasema. "Nilikaa kule ndani siku mbili nikiwa sina wasiwasi. Nilisema, mkaguzi akija akiliona lile baka, natoka. Nilikuwa nalala usingizi, Fauziya. Wenzangu walikuwa wananicheka kwa jinsi nilivyolala."

"Sikujua."

"Najua hukujua."

"Hawakuniruhusu kukuuliza. Nilikuja, nikaomba—"

"Najua. Wote hawana makosa. Mkaguzi hana, Swaliki hana, wewe huna. Mimi peke yangu ndiye ninayekwenda." Hakuwa amepaza sauti. Askari alimgusa begani, naye akaanza kugeuka, kisha akarudi nusu hatua ili asisikiwe na mwingine. "Usinishukuru. Nimemdanganya hakimu kwa sababu watoto wanataka mtu wa kuwapikia. Wewe sijakusamehe."

Fauziya akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeagizwa dukani, kwa sababu hakuona neno lingine alilokuwa na haki ya kulisema.